Boti Tano na Kigari cha Chai

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na upuuzi umeanza nayo. Mhariri amenipigia simu kabla sijapiga mswaki: jeshi la majini linaomba manowari nne. Si kubwa, amesema, ni ndogo, za kazi nyingi. Nikamuuliza kazi gani. Akanisomea: kulinda mpaka, kukamata magendo, kutegua mabomu ya majini, kuokoa wanaozama, kubeba wagonjwa, na ikibidi kupigana. Nikamwambia hiyo si meli, hiyo ni mama wa nyumbani. Amecheka, akanipa ukurasa wa tatu wote Jumapili.

Safu yangu inaitwa Shubiri. Imetimiza miaka kumi na tisa, na siku hizi hata muuza sabuni ananiita hivyo.

Paa linavuja juu ya rafu ya vitabu. Nimekinga ndoo.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kumsikiliza wakala wa kiwanda kinachounda manowari hizo. Ukumbi wa hoteli, mazulia mazito, viti vimevalishwa vitambaa kama maharusi. Wakala ni mtu mzima mwenye sauti laini. Ametoa mfukoni kisu cha kukunja, akafungua vifaa vyake kimoja kimoja: wembe, bisibisi, msumeno, kifungua chupa. Meli yetu ni hii, akasema. Nyuma ya sitaha kuna uwazi. Ukitaka kutegua mabomu unapakia kontena la mabomu. Ukitaka hospitali unashusha lile, unapakia la hospitali.

Niliuliza kubadilisha kontena kunachukua muda gani. Siku tatu. Nikauliza mabaharia wanaotegua mabomu Jumatatu ndio watakaofunga vidonda Alhamisi? Watafundishwa. Na siku dhoruba inakuja huku kontena la uokoaji liko ghalani, tuiombe dhoruba isubiri siku tatu? Hapo akanywa maji. Nikamuuliza kama amewahi kumwona mchinjaji akichinja ng'ombe kwa kisu cha kukunja. Ukumbi mzima ulicheka. Hata yeye alicheka, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake.

Siwapendi watu wanaocheka wakitukanwa. Wana bima.

Jumapili, 8 Machi

Makala imetoka. Mama ameisoma akiwa amevaa miwani yangu, akasema nimekuwa mkali mno kwa meli ambazo hazijazaliwa.

Mdogo wangu amekuja kula mchana. Ni fundi mkuu wa injini za boti za doria pale kituo cha jeshi la majini, mwaka wa ishirini na sita huu. Kila mtu humwita Spana, hata Mama akikasirika. Akiwa na furaha naye humwita Baba. Leo amekuwa Spana tangu mlangoni, kwa sababu ameingia na gazeti limekunjwa kwapani na hakumsalimia mtu vizuri.

Amesema ninaandika habari za bahari nikiwa na miguu mikavu. Boti zao zina umri mkubwa kuliko manahodha wao. Zikivuka mstari wa mawimbi makubwa zinapiga kelele kama kitanda cha kukodi. Hazina pa kutua helikopta, hazina pa kumlaza majeruhi. Wavuvi haramu wanazijua kwa mlio, wanakusanya nyavu bila hata haraka. Nikamwambia kama boti ni mbovu, zitengenezwe. Nikamuuliza swali moja tu: zinawaka, haziwaki?

Aliangalia sahani. Zinawaka, akasema.

Basi, nikasema. Mama akatukumbusha kwamba hapa si bungeni, na kwamba mchuzi unapoa.

Jumanne, 10 Machi

Mvua kutwa. Mwenyekiti wa kamati ya bunge amesema redioni kwamba jeshi lisiloweza kutunza boti tano halitapewa manowari nne. Neno la kwanza la akili mwaka huu. Ijumaa kamati inakwenda kukagua boti, na nimealikwa.

Ijumaa, 13 Machi

Nimechoka, nimelowa, na tumbo langu limejaa chai.

Boti zimefungwa gatini moja nyuma ya nyingine, zimepakwa rangi mpya hadi zinanuka. Kamanda wa kituo ni mrefu, mwenye adabu ya kuogofya. Alitupeleka kwenye boti ya kwanza, akatoa amri, injini ikawaka. Moshi, mtetemo, makofi. Nikadhani tutakwenda ya pili. La. Tukapelekwa bandani kunywa chai, na Kamanda akatusimulia historia ya kituo tangu jiwe la msingi. Dakika hamsini. Kisha boti ya pili: ikawaka. Chai tena, na ramani. Boti ya tatu: ikawaka. Chai, na bendi ikatupigia nyimbo sita. Boti ya nne: ikawaka. Chai, na picha ya pamoja, na hotuba ambamo Kamanda alisema ukiona vyaelea vimeundwa, mara tatu, kana kwamba methali ni yake. Boti ya tano ikawaka jioni jua likielekea kuzama.

Chai mara nne. Nchi hii ikivamiwa, adui atakuta jeshi linasubiri maji yachemke. Na hata chai yenyewe imepewa ulinzi: kigari cha magurudumu manne, kitambaa cheupe mpaka chini, kinasukumwa na mabaharia wawili wenye vifua kama milango, kwa birika moja. Kilikuwa kinapita gatini kikilia kwi-kwi-kwi. Hicho lazima nikiandike.

Spana nilimwona kwenye kila boti, jasho linamtoka, anatokeza kichwa kwenye tundu la chumba cha injini na kuzama tena. Nilimpungia mkono. Hakuniona, au hakutaka.

Jumapili, 15 Machi

"Tano Zinawaka." Ndicho kichwa cha makala. Nimeandika kwamba nilisimama gatini na kuziona kwa macho yangu haya mawili, moja, mbili, tatu, nne, tano. Anayelia kwamba hana nguo huku kabati limejaa hatafuti nguo, anatafuta sherehe. Kigari cha chai nimekipa aya yake. Mhariri anasema wasomaji wamekipenda kuliko hoja zote.

Jumatano, 25 Machi

Nimeshinda. Kura tisa kwa sita: ununuzi wa manowari umewekwa kando mpaka bajeti nyingine. Mwenyekiti amesoma sentensi yangu ya macho mawili mbele ya kamati nzima.

Wakala alinipa mkono kwenye ngazi za bunge. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Spana hapokei simu tangu wiki iliyopita. Ananuna kama mtoto aliyenyimwa baiskeli.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Tundu la pili, juu ya meza. Nimehamisha ndoo. Mama anasema ndoo moja haikingi matundu mawili. Nimemwambia fundi wa paa atakuja mvua ikikatika. Amesema mvua ikikatika atakuja kufanya nini.

Jumamosi, 11 Aprili

Asubuhi redio imetangaza meli ya saruji imezimika injini nje ya bandari, upepo unaisukuma kwenye miamba. Watu tisa ndani. Jeshi la majini limetuma boti ya doria.

Boti. Moja.

Mama alizima jiko, akaketi karibu na redio mikono mapajani. Hakuuliza kama Spana amekwenda. Nilipiga kituoni mara kumi na nne. Saa nane mchana wakanijibu kwamba ndiyo, yumo, na kwamba mawasiliano na boti yamekatika.

Jumapili, 12 Aprili

Wamevutwa kwa kamba hadi bandarini na meli ya uvuvi. Mabaharia wa boti wote wazima, isipokuwa fundi mkuu ambaye mkono wake wa kushoto umeungua. Watano wa meli ya saruji wameokolewa na wavuvi haohao. Wanne wamekufa.

Naandika kalamu ikichana karatasi. Tuna boti tano. Nimezihesabu. Nimeliambia taifa zima kwamba ni tano. Wanne wamekufa nusu saa kutoka gatini, na boti nne zilikuwa zimelala zikipigwa na mvua. Nani aliyezinyima amri? Kamanda alikuwa anakunywa chai ya ngapi? Kesho naanza na hospitali, namwona mdogo wangu, kisha namchuna Kamanda ngozi hadharani.

Jumatatu, 13 Aprili

Wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani. Mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Nilimkuta anakula chungwa kwa mkono mmoja, nikammenyea lililobaki. Nikamwambia ninachotaka kuandika. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kama mlango umefungwa.

"Pampu nzima iko moja, dada," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Injini ya boti haiwaki bila pampu ya mafuta. Pampu nne kati ya tano zimekufa, mwaka wa tatu huu. Zimebaki maganda. Boti inayotoka baharini inavishwa ile nzima, ikirudi inavuliwa, inavishwa nyingine. Kitabuni boti zote tano zimeandikwa nzima, kwa sababu kila moja, ikipewa zamu, huwaka.

"Na siku ile ya ukaguzi?"

"Shubiri mzima wewe. Ulidhani wanaume wawili wanasukuma birika?"

Chungwa liliniponyoka. Dakika hamsini. Historia ya kituo, ramani, bendi, picha. Kila tulipopeleka vikombe mdomoni, yeye na vijana wake walikuwa wanaifungua pampu ikiwa bado ya moto, wanaitia chini ya kile kitambaa cheupe, wanaisukuma mpaka boti inayofuata. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba asiyetunza boti tano hapewi manowari nne. Basi Kamanda akaamua boti ziwe tano. Wakadanganya ili wapewe, mimi nikaupokea uongo wao kwa mikono miwili na kuwanyima manowari kwa uongo huohuo. Hata kwenye vichekesho sijawahi kuona mjinga wa namna yangu.

Nikamuuliza mkono umeunguaje. Pampu inakaa kwa boliti, akasema, lakini ukiifungua na kuifunga miaka mitatu nyuzi zinalika, na siku ya haraka wanakaza nne tu. Kwenye mawimbi ikalegea, ikapasua bomba, mafuta ya moto yakamrukia, injini ikafa. Meli ya saruji walikuwa wanaiona. Waliwaona watu juu ya paa la chumba cha nahodha.

"Tuliwahesabu tisa," akasema. "Baada ya muda tukawahesabu saba. Kisha nikaacha kuhesabu."

Nikamporomoshea matusi. Nilimwita mwongo, mwoga, mchafu wa mikono na moyo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka. Spana akanijibu kwamba ameandika barua sita kuomba pampu na zote zimerudi na mhuri wa "imeonekana". Na akasema kwamba manowari mpya zingekuja kila moja na pampu yake, na kwamba ni mimi niliyezizuia.

Nilitembea mpaka nyumbani na mwavuli nimeushika umefungwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Wakala amekuja ofisini bila miadi. Kabla hajakaa nikamuuliza kama amekuja kuuza meli juu ya maiti nne. Akasema atakuja siku nyingine kwa hilo. Leo alitaka kujua kama nimeshaelewa kile kigari.

Alijua. Siku ile ya ukaguzi naye alikuwepo gatini, alisimama nyuma yangu na mwavuli wake, akajua.

"Mama, mimi nimeuza meli miaka thelathini," akasema. "Chai ile nimeinywa nchi tatu."

Kwa nini hakusema? Kwa upole uleule akanieleza kwamba kazi yake si kumvua nguo mteja mbele za watu. Nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza tangu ile siku ya hoteli: huko alikouza, manowari zake za kazi nyingi ziko wapi leo? Akatazama dirisha. Nchi moja, akasema, zinafanya kazi vizuri sana. Na mbili nyingine? Huko, akasema, wananunua kigari kikubwa zaidi.

Nilimfukuza, lakini nilimfukuza taratibu. Katika watu wote wa mkasa huu, ndiye wa kwanza kunijibu nilichomuuliza.

Jumatatu, 20 Aprili

Jumapili sikuandika. Mhariri ameweka picha ya mawingu mahali pangu.

Mwenyekiti amepiga simu. Watu wanapiga kelele, ndugu za marehemu wamekaa nje ya bunge na mabango, kwa hiyo Ijumaa kamati itarudi gatini kukagua upya. Anataka niwepo. "Macho yako mawili," akasema, akadhani ananisifu. Kamanda amemhakikishia kwamba boti zote tano ziko tayari.

Zote tano. Wamezika watu, wamefunga pampu ileile kwa boliti mpya, na wanachemsha maji.

Alhamisi, 23 Aprili

Spana ametolewa hospitali, na kesho ameamriwa kuwepo kazini, bandeji na yote. Amekuja jioni hii mapema. Nimemwambia kesho nitasema. Akavuta kiti akakaa mbele yangu.

Hakuomba huruma, na hilo ndilo lililoniuma. Alinieleza tu mambo yalivyo. Kitabu cha ukaguzi kina sahihi ya fundi mkuu, si ya Kamanda. Amri ya kuhamisha pampu ilitolewa kwa mdomo. Atakayesimama mbele ya mahakama ya kijeshi ni yeye, na vijana wake wawili wa kigari. Amebakiza miaka miwili astaafu.

"Ukiuliza swali lako," akasema, "jibu lake ni mimi."

Nikamwambia basi ajitokeze mwenyewe. Akasema askari hajitokezi, anaitwa. Nikamwambia huo ni msemo wa mtu aliyekunja mkia. Akasema na wewe mkia wako uko kwenye gazeti la tarehe kumi na tano, mbona hujaukunjua? Akanibana hapo. Siku kumi nimejua, na siku kumi nimetafuta namna ya kusema ukweli ambao hautamgusa ndugu yangu wala jina langu. Kalamu iliyotukana watu miaka kumi na tisa imekauka ilipofika kwangu.

Tukamgeukia Mama kama watoto waliovunja sahani. Alikuwa anamwaga maji ya ndoo dirishani.

"Msinitie katikati," akasema. "Mimi nina wawili, na wote mnakuja kula hapa. Wale wanne nao walikuwa na mama." Akairudisha ndoo chini ya tundu la meza, akalala.

Spana aliondoka bila kunitazama. Mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwao si kila mara wanaulizwa kama wana njaa.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua nyepesi. Gati ileile, rangi ileile. Ndugu za marehemu walikuwa wamewekwa nyuma ya kamba. Kigari kilikuwa kando ya banda, kitambaa kimepigwa pasi.

Boti ya kwanza ikawaka. Moshi, mtetemo, safari hii hakuna makofi. Kamanda akanyoosha mkono kuelekea bandani, akasema kabla ya kuendelea kuna kikombe cha chai.

Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga. Nikasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi leo sitaki chai. Naomba boti zote tano ziwashwe kwa pamoja."

Kamanda akatabasamu, akasema taratibu za usalama haziruhusu. Mwenyekiti akauliza taratibu zipi. Mwanamke mmoja nyuma ya kamba, mjane wa baharia wa meli ya saruji, akasema, bila kupaza sauti: washeni.

Kamanda akawatazama manahodha wanne wa boti zilizobaki, wao wakatazama viatu. Nilimwangalia Kamanda kwa hasira zote za maisha yangu, na kando ya jicho nikaona kichwa kinatokeza kwenye tundu la boti ya kwanza. Spana. Alipanda gatini taratibu, mkono wa bandeji kifuani. Nikajua anakuja kunikana, na nikajua nitamsamehe.

Alinipita. Alikwenda hadi kwenye kigari, akashika kitambaa cheupe kwa mkono mzima, akakivuta. Birika lilianguka, vikombe vikapasuka. Chini, badala ya rafu, kulikuwa na kitanda cha mbao kilichochongwa kwa umbo la pampu, kimelowa mafuta meusi. Kilikuwa kitupu.

"Pampu bado iko boti ya kwanza, Mheshimiwa," akasema. "Chai bado haijanywewa. Sijapata nafasi ya kuihamisha."

Kisha akasimama wima na kutaja jina lake, cheo chake na namba yake, kama anayeitwa.

Jumapili, 26 Aprili

Spana yuko kizuizini kambini. Kamanda naye, jana jioni. Jana Mama alimpelekea fulana mbili na rasimu yangu, akarudi na ujumbe kwa ajili yangu: niliandika kwenye rasimu kwamba walikaza boliti nne kati ya sita. Ni nne kati ya nane. Nimesahihisha.

Makala imetoka leo. Sijabadili mawazo kuhusu kisu cha kukunja. Nimesema zinunuliwe meli mbili badala ya nne, za doria na uokoaji tu, na mabomu yasubiri meli yao. Nimesema kwanza ijengwe karakana na pampu tano zinunuliwe mwezi huu, na kwamba ukaguzi wowote kuanzia leo uwashe injini zote kwa pamoja, bila kinywaji. Nimesema fundi aliyeandika barua sita asihukumiwe peke yake huku waliozipiga mhuri wakiachwa. Watasema ninamtetea ndugu yangu. Ninamtetea.

Lakini nilianza na deni langu, na ilinichukua asubuhi nzima kuiandika sentensi ya kwanza. Inasema: Tarehe 13 Machi sikuona boti tano zikiwaka, niliona pampu moja ikiwaka mara tano, na katikati nilikunywa chai.